Kubakiza Njia Moja

Mwaka 1972, katika baa iliyoitwa Andy Capp's Tavern mjini Sunnyvale, California, mhandisi Allan Alcorn wa kampuni changa ya Atari aliweka kabati lenye televisheni ya kawaida ndani yake, vitufe viwili vya kuzungusha na kisanduku cha kupokea sarafu. Gemu yenyewe ilikuwa Pong: vijiti viwili vya mwanga, kimoja kila upande wa kioo, na kitone kinachokwenda na kurudi kati yao. Mchezaji akizungusha kitufe, kijiti chake kinapanda au kinashuka. Hakisogei mbele kuuwahi mpira, hakirudi nyuma, hakiinami. Kina njia moja tu.

Hakuna aliyekikataza kwenda kwingine. Pong haikuwa na programu ya kompyuta. Ilikuwa saketi tupu, na kitufe kilibadilisha muda ambao saketi ingesubiri kabla ya kuanza kukichora kijiti, wakati mwale wa televisheni ukiteremka kutoka juu ya kioo. Ikisubiri kidogo, kijiti kinatokea juu. Ikisubiri zaidi, kinatokea chini. Upande wa kushoto na kulia hapakuwa na cha kubadilisha, kwa sababu kitufe hakikuunganishwa huko. Hata kasoro mashuhuri ya Pong, kwamba vijiti havifiki ukingo wa juu kabisa wa kioo, ilitokana na saketi hiyohiyo. Alcorn aliiona akaiacha, maana bila pengo lile wachezaji wawili hodari wangeweza kurudishiana mpira bila kikomo.

Breakout ya Atari, mwaka 1976, ilikilaza kijiti chini ya kioo, kikawa kinakwenda kushoto na kulia. Miaka miwili baadaye Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito huko Japani alitoa Space Invaders, ambamo mzinga wa mchezaji nao ulinyimwa kila mwelekeo isipokuwa huo mmoja. Kwa mafundi wa enzi ile, mwendo wa mhimili mmoja ulikuwa ndio mwendo rahisi kuliko yote. Ugumu ulianza pale walipotaka mhimili wa pili.

Robo karne baadaye hali iligeuka juu chini.

Gemu za miaka ya mwisho ya 1990 zilianza kubeba injini za fizikia, yaani programu zinazokokotoa mwendo wa vitu kwa kufuata kanuni za Newton, mara nyingi hatua 60 kwa sekunde. Kreti la mbao ndani ya injini ya namna hiyo huzaliwa likiwa huru kabisa. Linaweza kusogea kwenye mihimili mitatu, nayo ni kushoto na kulia, juu na chini, mbele na nyuma, na linaweza kuzunguka kwenye mihimili hiyohiyo mitatu. Wahandisi huziita njia sita za uhuru. Fundi wa gemu anayetaka kreti liteleze juu ya reli tu, au lifti ipande na kushuka tu, hana haja ya kukiongezea kitu uwezo. Kazi yake ni kukipokonya uhuru wa aina tano kati ya sita, na kukipokonya bila kuvuruga ile moja iliyobaki.

Karibu kila anayekutana na kazi hii kwa mara ya kwanza hujaribu dawa moja. Anauacha mfumo ukokotoe, kisha kila baada ya fremu anairudisha namba ya mahali pa kreti kwenye mstari unaotakiwa. Dawa hiyo inaonekana kuponya mpaka kreti liguse kitu kingine. Kurudisha mahali si kurudisha kasi: mvutano wa ardhi uliendelea kuongeza kasi ya kushuka kila hatua, na kasi hiyo imebaki kwenye kumbukumbu ya injini hata kama macho hayaioni. Mgongano hukokotolewa kwa kasi hiyo ya uongo. Halafu kreti linahamishwa ghafla baada ya injini kumaliza kutenganisha vitu vilivyogusana, likatua ndani ya ukuta, na hatua inayofuata injini inalitema kwa nguvu. Kioo kinaonyesha kreti linalotetemeka, au lile linaloruka bila sababu kama lililopigwa teke. Kasoro hiyo haina uhusiano na lugha ya programu wala na kompyuta yenyewe. Ni swali la umekanika: kitu kinazuiwaje kwenda pasipotakiwa, huku kikiachwa kiende kinapotakiwa kana kwamba hakuna aliyekigusa?

Swali hilo lilimkera James Watt, mhandisi wa injini za mvuke, miaka ya 1780.

Injini za mvuke zilizomtangulia Watt zilivuta tu. Pistoni ilishuka ndani ya silinda, ikavuta mnyororo uliofungwa kwenye ncha ya boriti kubwa iliyokuwa ikinesa kama pembea, na upande wa pili wa boriti ukainua fimbo ya pampu kutoka mgodini. Mnyororo ulitosha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuvuta. Watt alipoifanya injini yake isukumwe na mvuke juu na chini ya pistoni, mnyororo ukawa hauna maana, kwa sababu mnyororo hausukumi. Ilibidi fimbo ya pistoni iunganishwe na boriti kwa chuma kigumu. Lakini ncha ya boriti hupita kwenye tao, na fimbo ya pistoni lazima ipite kwenye mstari ulionyooka; ikiyumba pembeni inapinda, inakula vizibo na mvuke unavuja. Reli ndefu za chuma zilizonyooka sawasawa zingeweza kuiongoza, ila karakana za wakati ule hazikuwa na mashine za kuzichonga kwa usahihi na kwa gharama ya kuridhisha.

Watt alitoka na jibu mwaka 1784: vyuma vichache vilivyounganishwa kwa pini, viwili vyao vikizunguka kwenye matao yanayoelekeana kinyume, na cha kati kikiviunganisha. Nukta fulani kwenye chuma hicho cha kati huchora umbo linalofanana na namba nane, na sehemu ya katikati ya umbo hilo inakaribia sana kunyooka. Fimbo ya pistoni ikafungwa kwenye nukta hiyo. Katika uzee wake, mwaka 1808, Watt alimwandikia mwanawe kwamba alijivunia uvumbuzi huu kuliko uvumbuzi wake mwingine wowote wa mitambo. Mtu aliyebadilisha viwanda vya dunia kwa mvuke alichagua kukumbukwa kwa vyuma vitatu vinavyolazimisha nukta moja ifuate njia moja, na mtu aliyewahi kupambana na kreti linalotetemeka kwenye skrini anaweza kumwelewa vizuri sana.

Neno la kushika hapo ni "inakaribia". Mstari wa Watt haukunyooka kabisa. Wanahisabati waliutafuta mstari kamili kwa miaka themanini, hadi afisa wa jeshi la Ufaransa, Charles-Nicolas Peaucellier, alipotangaza mwaka 1864 mtambo wa vyuma saba unaochora mstari ulionyooka kikamilifu. Mwaka 1871 Lipman Lipkin, mwanafunzi wa mwanahisabati Chebyshev huko Urusi, aliugundua tena peke yake. Kufikia wakati huo mashine za kuchonga vyuma zilikuwa zimeboreka, reli zilizonyooka zilikuwa rahisi, na ushindi wa Peaucellier ukabaki zaidi mikononi mwa wanahisabati kuliko viwandani.

Kwa injini za fizikia, hata hivyo, urithi mkubwa zaidi ulitoka kwa watu ambao hawakushika nyundo. Mwaka 1743 Jean le Rond d'Alembert alichapisha mjini Paris kitabu chake cha mwendo, na mwaka 1788 Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Turin aliyekuwa amehamia Paris kutoka Berlin mwaka mmoja kabla, akachapisha Mécanique analytique. Lagrange alitangaza katika dibaji kwamba msomaji hatakuta mchoro hata mmoja. Umekanika wote ungeelezwa kwa milinganyo. Ndani ya milinganyo hiyo kulikuwa na wazo ambalo leo linaendesha kila mlango unaoteleza ndani ya gemu.

Mfano wa mtoto wa meza unalifungua wazo hilo. Mtu akiuvuta mtoto wa meza kwa mshazari, nusu mbele na nusu pembeni, bado mtoto unatoka moja kwa moja. Kuta za mbao zimeipokea ile sehemu ya mvuto inayokwenda pembeni na kuirudisha kwa kani iliyo sawa nayo. Kuta hazijaongeza mwendo wala hazijaupunguza (msuguano ukiwekwa kando), kwa sababu kani yao imesimama wima juu ya njia inayoruhusiwa. Kani ya namna hiyo haifanyi kazi yoyote, kwa maana ya kazi katika fizikia. Haichangii nishati na haili nishati. Inakataa tu, na inakataa kwa kiasi kinachohitajika bila kuzidi.

Lagrange alitoa njia ya kukipata kiasi hicho. Badala ya kukisia kani ya ukuta, iandike kama namba isiyojulikana, iweke kwenye mlinganyo pamoja na sharti lenyewe, kisha tafuta mwendo na kani kwa wakati mmoja. Namba hiyo isiyojulikana bado inabeba jina la Lagrange, na mafundi wa injini za gemu huikokotoa maelfu ya mara kwa sekunde. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aliongeza mtazamo mwingine mwaka 1829: kati ya mienendo yote ambayo sharti linaruhusu, kitu hufuata ule unaotofautiana kidogo kabisa na mwendo ambao kingekwenda kama kingekuwa huru. Hicho ndicho fundi wa gemu anachokitaka kwa kreti lake.

Milinganyo ya Lagrange inadhani wakati unatiririka bila kukatika. Kompyuta haina wakati wa namna hiyo. Inaruka kutoka hatua moja hadi nyingine, na kila mruko unaacha kosa dogo. Sharti likisema kwamba kasi ya pembeni ni sifuri, kompyuta itaitimiza sifuri hiyo karibu kabisa; ila makosa madogo ya mahali yanajilimbikiza, na baada ya dakika chache kreti limehama kutoka kwenye reli yake ingawa katika kila hatua lilionekana mtiifu. Mwaka huohuo wa Pong, 1972, Mjerumani Joachim Baumgarte alichapisha tiba ambayo haikuwa na uhusiano wowote na michezo. Alishauri kwamba sharti lisiseme tu "usiende pembeni", bali pia "kama umeshakwenda pembeni, rudi kidogokidogo", kwa kuongeza kwenye mlinganyo sehemu inayolingana na ukubwa wa kosa. Urudi kidogokidogo, si kwa mkupuo. Kosa likisahihishwa lote katika hatua moja, kitu kinapata kasi ya ghafla ambayo haikutokana na chochote, na hapo ndipo vitu huanza kurukaruka.

Ilichukua miaka mingi mawazo hayo kufika kwenye gemu. Katika picha za kompyuta, David Baraff alionyesha kwenye mkutano wa SIGGRAPH mwaka 1989 jinsi ya kukokotoa kani za vitu vigumu vinavyogusana bila kuingiliana, na mwaka 1996 akaeleza njia ya haraka ya kutumia namba za Lagrange kwa vitu vilivyounganishwa katika mnyororo au mti wa viungo. Maandishi yake yalisomwa sana na kizazi cha kwanza cha waandishi wa injini.

Kulikuwa na njia nyingine ya kishawishi kikubwa zaidi. Kwa nini kreti lipewe njia sita halafu linyang'anywe tano? Kwa nini lisielezwe tangu mwanzo kwa namba moja, umbali wake kwenye reli, kama kijiti cha Pong? Wahandisi wa roboti walikuwa wakifanya hivyo tayari, na mbinu aliyoichapisha Roy Featherstone mwaka 1983 ilikokotoa mikono ya roboti kwa ufanisi mkubwa bila kosa la kuhama reli, kwa kuwa hakuna namba ambayo ingeweza kuhama. Gemu nyingi ziliikataa njia hiyo kwa sababu ya tabia za wachezaji. Mkono wa roboti hubaki na viungo vilevile kutwa nzima. Ndani ya gemu, kamba hukatwa, mlango hung'olewa, kreti husukumwa hadi mwisho wa reli likaanguka korongoni. Kitu chenye njia sita kinaweza kufungwa saa hii na kufunguliwa dakika ijayo bila kuandikwa upya. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na gharama yake ikawa mieleka ya kudumu na makosa madogo ya mahali.

Wengine walijaribu springi. Kitu kikitoka kwenye njia, springi isiyoonekana inakivuta kirudi. Springi laini inaacha kitu kiyumbe. Springi ngumu inavuta kwa nguvu kubwa kiasi kwamba katika hatua moja ya kompyuta kitu kinapitiliza upande wa pili, springi inakivuta tena kwa nguvu zaidi, na baada ya hatua kadhaa kitu kimetupwa nje ya ulimwengu wa gemu.

Mwaka 1998 Hugh Reynolds na Steven Collins wa Chuo cha Trinity mjini Dublin walianzisha Havok, kampuni iliyouza fizikia kwa watengenezaji wa gemu kama wengine wanavyouza nati na boliti. Half-Life 2 ya kampuni ya Valve, iliyotoka Novemba 2004 ikiwa na fizikia iliyojengwa juu ya kazi ya Havok, iliwafanya mamilioni ya wachezaji wakutane na masharti ya namna hiyo bila kujua majina yake. Ndani yake kuna pembea ya ubao ambayo mchezaji huijazia matofali upande mmoja ili upande wa pili uinuke apite. Ubao ule una njia moja tu, ile ya kunesa kwenye mhimili wake, na fumbo zima linasimama juu ya imani kwamba hautatoka hapo hata matofali yakirundikwa vipi.

Havok iliuzwa kwa leseni. Mwaka 2001 Russell Smith alianza kutoa injini yake, Open Dynamics Engine, bure pamoja na msimbo wake wote, na huenda hatua hiyo ndiyo iliyofundisha watu wengi zaidi. Ndani yake mlikuwa na viungo vya aina mbalimbali: cha mpira kama bega la mtu, cha bawaba, na cha kuteleza, ambacho kinaondoa njia tano na kubakiza mwendo kwenye mhimili mmoja. Mwongozo wake ulieleza waziwazi namba inayotawala usahihishaji wa kosa. Ikiwa 0, kosa halirekebishwi kamwe. Ikiwa 1, injini inajaribu kulimaliza lote katika hatua moja. Smith aliweka 0.2 kama kawaida. Hiyo ilikuwa tiba ya Baumgarte, sasa ikiwa namba ambayo mwanafunzi yeyote angeweza kuichezea na kuona matokeo. Kulikuwa hata na kiungo kilichochangwa mahususi kwa wale waliotaka vitu vya pande tatu vibaki kwenye bapa moja.

Kwa usahihi kamili, injini ya Smith ilikusanya masharti yote ya dunia nzima ya gemu katika jedwali moja kubwa na kulitatua kwa mkupuo. Gharama ilikua kwa mchemraba wa idadi ya masharti: yakiongezeka maradufu, kazi inakuwa mara nane. Kwa kreti kumi hakuna shida. Kwa ukuta wa matofali unaobomoka, kompyuta inasimama. Hivyo Smith aliongeza njia ya pili, isiyo sahihi sana, inayokaribia jibu kwa kurudiarudia.

Aliyeifanya njia ya kurudiarudia ieleweke na kila mtu ni Erin Catto. Mwaka 2006, akiwa Crystal Dynamics, studio iliyotengeneza Tomb Raider: Legend, Catto alipanda jukwaani kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu huko San Jose akiwa na programu ndogo ya mfano. Hotuba yake haikuanza na jedwali kubwa. Alisema, kwa kifupi, tembelea sharti moja baada ya jingine. Kila unapofika, angalia kasi inayolivunja sharti hilo, kisha toa msukumo mdogo unaoifuta. Ukifika kwenye sharti la pili utavuruga la kwanza kidogo. Haidhuru, rudi tena. Baada ya mizunguko michache makosa yanapungua hadi jicho lisiyaone. Zaidi ya hapo, usisahau misukumo ya hatua iliyopita: anza nayo hatua mpya, kwa kuwa dunia ya sasa inafanana sana na ile ya sehemu moja ya sitini ya sekunde iliyopita. Wanahisabati waliitambua mbinu yenyewe mara moja, kwani ni ndugu wa njia ambayo Gauss aliitumia kutatua milinganyo mingi karne mbili zilizopita.

Programu ile ya mfano ilikua ikawa Box2D, iliyotolewa bure mwaka 2007. Katika dunia yake ya pande mbili kitu kina njia tatu: mbili za kusogea na moja ya kuzunguka. Kiungo chake cha kuteleza kinaondoa njia mbili kwa masharti mawili mafupi. La kwanza linafuta kasi iliyo wima juu ya mhimili, la pili linafuta kuzunguka. Kwenye njia iliyobaki fundi anaweza kuweka mwisho wa huku na mwisho wa kule, na akipenda mota yenye kikomo cha nguvu. Lifti, pistoni, mlango wa ghala, mtego wa miba unaotoka ardhini: vyote vinatokana na kiungo hicho kimoja. Mwongozo ulipendekeza mizunguko 8 ya kurekebisha kasi na 3 ya kurekebisha mahali, na injini iliachia kosa la nusu sentimita lisiguswe, kwa sababu kulifukuza kosa dogo kuliko hilo huleta mtetemo kuliko faida. Ni uamuzi wa fundi aliyekubali, kama Watt, kwamba "karibu kunyooka" kunatosha pale mtambo unapofanya kazi vizuri.

Mwezi Desemba 2009 kampuni ya Rovio ya Finland ilitoa Angry Birds, ikitumia Box2D. Mwaka 2011, kwenye mkutano mwingine wa watengenezaji wa gemu, Catto alisimama kati ya wasikilizaji, akamwuliza mwakilishi wa Rovio gemu yao inatumia injini gani ya fizikia, na alipojibiwa akaomba kama Box2D ingeweza kutajwa kwenye orodha ya waliochangia. Kisha akasema yeye ndiye aliyeiandika. Inasikitisha kwamba ombi hilo lilihitajika. Leseni yake haikumlazimisha mtu yeyote kumtaja, na watu wachache sana waliorusha ndege wale walijua kwamba kila boriti iliyoanguka ilikokotolewa na kazi ya mtu mwenye jina.

Wakati huo watu wengi zaidi walikuwa wanaingia kwenye ufundi huu kupitia Unity, programu ya kutengenezea gemu iliyoanzia Denmark na kutolewa mwaka 2005. Ndani yake fizikia ya pande tatu iliendeshwa na PhysX, injini yenye asili ya Uswisi iliyonunuliwa na kampuni ya Ageia na baadaye, mwaka 2008, ikawa mali ya NVIDIA. Unity ilikuja kuweka visanduku sita vidogo vya kuwekea alama ya vema: kugandisha mahali kwenye X, Y au Z, na kugandisha mzunguko kwenye X, Y au Z. Tia alama kwenye visanduku vitano na kreti limebakiwa na mhimili mmoja, bila mlinganyo hata mmoja. Gemu za kutazamwa kutoka ubavuni zilizotaka vitu vya pande tatu vinavyocheza kwenye bapa, mtindo uliopendwa sana miaka ile, zilipata dawa ya haraka.

Visanduku hivyo vimewakwamisha wanaoanza mara nyingi, na sababu yake haionekani kwa macho. Kugandisha mahali hufuata mihimili ya dunia ya gemu, si mihimili ya kitu chenyewe. Reli ikienda sambamba na X, visanduku vinafanya kazi. Reli ikilazwa kwa mshazari wa digrii 30, hakuna mchanganyiko wowote wa alama utakaoliruhusu kreti liifuate, kwa kuwa kila kisanduku kinafunga au kinaachia mhimili mzima wa dunia. Aliye kwenye reli ya mshazari lazima aende kwenye kiungo cha kuteleza, ambacho mhimili wake unaweza kuelekezwa popote na hata kusafiri pamoja na kitu kingine, kama kreti linaloteleza ndani ya behewa la treni inayokimbia.

Kuna tofauti nyingine iliyo nzito zaidi. Kiungo kinaunganisha vitu viwili, na kani ya kukataa hurudi kwa kile cha pili: kreti likigongwa ubavuni, behewa linayumba. Kisanduku hakina cha pili. Erwin Coumans, aliyewahi kufanya kazi Havok kabla ya kuandika injini yake ya bure iitwayo Bullet, aliweka jambo hilohilo kwa sura iliyo wazi kihisabati. Kila kitu katika Bullet kinaweza kupewa namba tatu za kuzidishia mwendo wake. Ukiandika 1, 0, 0, misukumo yote kwenye Y na Z huzidishwa kwa sifuri. Maana yake kimwili ni kwamba kitu kimekuwa na uzito usio na mwisho kwenye mihimili hiyo miwili, na uzito wake wa kawaida kwenye mmoja uliobaki. Mpira ukikigonga kutoka ubavuni hudunda kama uliogonga mlima. Ukikigonga kutoka mbele unakisogeza. Kazi ya Coumans ilitambuliwa mwaka 2015 kwa tuzo ya kiufundi ya Akademia ya Filamu ya Marekani, kwa kuwa Bullet ilikuwa imeingia hadi kwenye filamu zenye majengo yanayobomoka.

Baadaye Jorrit Rouwé wa Guerrilla Games, studio ya Uholanzi, aliandika Jolt, injini iliyotumika katika Horizon Forbidden West mwaka 2022 na inayopatikana bure. Ndani yake fundi anataja njia anazoruhusu badala ya zile anazokataza. Godot, programu huria ya kutengenezea gemu, iliikaribisha Jolt ndani yake mwaka 2025.

Unity nayo, ilipoongeza zana za pande mbili mwaka 2013, iliichukua Box2D, na kiungo cha kuteleza cha Catto kikafika mikononi mwa watu ambao huenda hawakuwahi kusikia jina lake. Kwa upande wa PhysX, toleo la 4 la mwaka 2018 lilirudisha njia iliyokuwa imekataliwa: viungo vinavyoelezwa kwa namba moja kila kimoja, kwa mtindo wa Featherstone, kwa sababu watafiti wa roboti walikuwa wameanza kufunzia mashine zao ndani ya injini za gemu, na roboti ambayo viungo vyake vinachezacheza hujifunza mambo ya uongo.

Catto mwenyewe hakuridhika na alichokifanya mwaka 2006. Box2D ya toleo la 3, iliyotoka mwaka 2024, iliandikwa upya. Badala ya kurudiarudia masharti mara nyingi ndani ya hatua moja kubwa, kila hatua ya sehemu moja ya sitini ya sekunde inagawanywa, kwa kawaida katika vipande vinne, na kila kipande kinakokotolewa kwa wepesi. Masharti yamelainishwa. Yanavuta kama springi, ile iliyowashinda wengine zamani, ila ukali wake unafungwa kulingana na urefu wa kipande cha wakati ili isiweze kulipuka. Mwishoni mwa kila kipande inapita awamu fupi isiyo na springi inayofuta kasi ambayo usahihishaji wenyewe umeiongeza, ili kitu kilichorudishwa kwenye mstari wake kisibaki na mwendo ambacho hakikuuomba.